Maana ya Kamusi Haitoshi: Msamiati wa Kiingereza Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Mwanafunzi wa uuguzi au wa utabibu nchini Tanzania hafiki mbali chuoni kabla daftari lake moja halijageuka kuwa daftari la maneno magumu. Upande wa kushoto huandikwa neno la Kiingereza, upande wa kulia maana yake. "Exacerbate": kuzidisha ubaya. "Subside": kupungua. "Deteriorate": kuwa na hali mbaya zaidi. "Alleviate": kutuliza. Orodha hurefuka muhula hadi muhula, hukaririwa usiku wa kuamkia mtihani, na mara nyingi huzaa alama za kuridhisha.

Kazi hiyo si ya kubezwa. Wengi wa wanafunzi hao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakavuka kwenda sekondari ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, kisha wakakabidhiwa vitabu vya tiba vilivyoandikwa kwa ajili ya watu waliolelewa katika Kiingereza tangu utotoni. Daftari la maneno ni msaada waliojitengenezea wenyewe. Kasoro yake ni moja, nayo si ndogo: neno lililohifadhiwa kwa fasili peke yake humfaa mwanafunzi mbele ya msahihishaji, lakini humwangusha mbele ya mgonjwa. Neno la ngazi ya juu huwa halijajulikana mpaka liwekwe ndani ya sentensi, na kwa mhudumu wa afya sentensi hizo ni mbili: ya Kiingereza inayoandikwa katika faili, na ya Kiswahili inayosemwa kwa mtu aliyelala kitandani.

Neno "lethargic" laweza kutoa ushahidi. Limo katika mwongozo wa IMCI, ule ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa ajili ya kuwahudumia watoto wagonjwa walio chini ya miaka 5, na ambao hutumika katika zahanati na vituo vya afya vya nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege katika ugonjwa huo, au aliye "lethargic" au hajitambui, ana dalili ya hatari na anastahili rufaa ya haraka. Kamusi ya kawaida itasema kwamba "lethargic" ni mtu aliyekosa nguvu na uchangamfu. Mwanafunzi ataandika: mchovu. Basi ni mtoto yupi mwenye homa ya nyuzi 39 asiyekuwa mchovu? Mhudumu anayetembea na maana hiyo ana njia mbili tu, na zote mbaya. Ama atampa rufaa kila mtoto mwenye homa, jambo lisilowezekana hata kwa wiki moja, ama atauzoea uchovu wa watoto kuwa jambo la kawaida, na siku atakapoletwa mtoto aliye "lethargic" kwelikweli atamwandikia dawa ya homa na kumrudisha nyumbani.

Mwongozo wenyewe hauishii kwenye fasili. Unaeleza kwamba mtoto wa namna hiyo hayuko macho wala makini wakati ambapo angetarajiwa kuwa hivyo. Anasinzia, hajali kinachotokea karibu naye, hautazami uso wa mama wala wa mtu anayezungumza naye, au amekodoa macho kana kwamba haoni kitu. Unamwelekeza mhudumu amuulize mama kama mtoto ana usingizi usio wa kawaida, kisha atazame kama mtoto huamka mama anapomsemesha, anapotikiswa, au makofi yanapopigwa. Hayo ni matukio yaliyochukuliwa chumba cha matibabu, yaani mifano. Mwanafunzi aliyeandika katika daftari lake kwamba mtoto yuko "lethargic" kwa kuwa hakugeuka mama alipomwita wala hakushtuka makofi yalipopigwa, ana kitu cha kutendea kazi. Aliyeandika "mchovu" ana neno tu.

Kwamba fasili peke yake hupotosha si ugunduzi wa jana. Mwaka 1987 wanasaikolojia George Miller na Patricia Gildea walichapisha katika jarida la Scientific American makala kuhusu namna watoto wanavyojifunza maneno. Watoto wa shule nchini Marekani walipewa maneno wasiyoyajua pamoja na maana zake kutoka kamusi, wakaombwa watunge sentensi. Mmoja aliyekutana na "erode", yaani kumomonyoa, aliona katika fasili maneno yanayohusu kula, ambayo kwa Kiingereza hutumika pia kwa kwenda kula hotelini. Akaandika kwamba familia yake hu-"erode" mara nyingi. Mwingine alikuta kwamba "stimulate" ni kuchochea, akaandika juu ya mwanamke aliyei-"stimulate" supu jikoni. Watoto hao hawakuwa wajinga. Walifanya kile hasa ambacho fasili iliwaruhusu: walichukua kipande walichokielewa wakakiweka mahali pa neno zima. Na hao walikuwa wakiishi katikati ya Kiingereza kila siku. Mtu anayekutana nacho darasani na katika faili pekee ana sababu zaidi ya kuteleza.

Watunga kamusi walilijua jambo hili mapema kuliko walimu. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake huko London mwaka 1755, aliijaza madondoo ya waandishi ili msomaji alione neno likifanya kazi. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kidogokidogo mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, ilikusanya madondoo yake kwa msaada wa wasomaji wengi waliojitolea. Mmoja wa waliochangia kwa wingi, W. C. Minor, alikuwa daktari mpasuaji wa jeshi la Marekani aliyefungiwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Broadmoor, Uingereza, baada ya kuua mtu. Kwa miaka mingi alikaa chumbani mwake, daktari na mgonjwa kwa wakati mmoja, akichambua vitabu kutafuta sentensi za mfano. Kamusi iliyomlenga mgeni wa lugha ilitungwa na A. S. Hornby na wenzake waliokuwa wakifundisha Kiingereza nchini Japani. Ilichapishwa huko mwaka 1942, ikatolewa na Oxford mwaka 1948, na ndiyo mzazi wa ile Oxford Advanced Learner's Dictionary ambayo nakala zake zilizochakaa si adimu katika maktaba za shule za Afrika Mashariki. Mwaka 1987 kamusi ya COBUILD, iliyosimamiwa na John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ilikwenda mbali zaidi: fasili zenyewe ziliandikwa kama sentensi kamili, na mifano ikachukuliwa kutoka matini halisi. Anayenakili maana iliyo juu na kuiruka mifano iliyo chini yake anaiacha sehemu iliyowatoa watunzi hao jasho zaidi.

Hospitalini shida huzidi kwa sababu maneno yanayopotosha si yale marefu ya Kigiriki na Kilatini. "Cholecystectomy" hutisha kwa urefu, lakini lina maana moja, kukata na kuondoa kifuko cha nyongo, na mstari mmoja wa daftari unalimaliza. Hatari imo katika maneno ya kawaida yaliyovishwa koti jeupe. Mgonjwa aliye "fit" yuko tayari kwa upasuaji. Mgonjwa aliyepata "a fit" ametoka kutupwa na degedege. "Discharge" ni ruhusa ya kurudi nyumbani, na pia ni majimaji yanayotoka kidondani au ukeni. "Tender" katika riwaya ni mpole au mwororo, lakini tumbo lililo "tender" ni tumbo linalouma likiguswa. "Unremarkable", ambalo kwa mtu wa nje linakaribia kuwa dharau, ni habari njema kabisa katika majibu ya eksirei. Fasili haiwezi kumtenganishia mwanafunzi maana hizi. Zinatenganishwa na maneno yaliyo jirani.

"Acute" linastahili nafasi yake. Wengi huliandika "kali", na "severe" nalo huliandika "kali". Sasa na wakutane na "severe acute malnutrition": je, ni utapiamlo mkali mkali? "Severe" hueleza uzito wa ugonjwa. "Acute" hueleza muda wake, kwamba umeanza karibuni. Kuharisha kwa "acute" ni kule ambako hakujatimiza siku 14, hata kama ni kwepesi, na kuanzia siku ya 14 huitwa "persistent". Kinyume cha "acute" katika magonjwa mengi ni "chronic", ambalo huandikwa "sugu", na neno sugu katika Kiswahili cha hospitali lina kazi ya pili: kifua kikuu sugu ni kile kisichosikia dawa za kawaida. Mgonjwa wa kisukari anayeambiwa kwamba ana ugonjwa sugu anaweza kuondoka akiamini kwamba dawa hazitamfaa. Hakuna aliyemdanganya. Kuna mtu aliyetafsiri neno wakati ilipasa atunge sentensi: ugonjwa huu utaishi nao miaka mingi, na dawa zinasaidia kuuzuia usikudhuru.

Hapa ndipo daftari la msamiati linapopungukiwa zaidi. Hukomea kwenye neno la Kiswahili kana kwamba kazi imekwisha, wakati Kiswahili nacho kina mitego yake. Maneno "every eight hours" hayana ugumu wowote kwa Kiingereza. Kwenye bahasha ya dawa hugeuka "1x3", na mdomoni huwa "kutwa mara tatu". Lakini kutwa, kwa Kiswahili kilichonyooka, ni tangu asubuhi hadi jua kuzama. Usiku una neno lake, nalo ni kucha. Mgonjwa mtiifu anaweza kumeza asubuhi, adhuhuri na alasiri, kisha akakaa usiku mzima bila dawa, na lugha itakuwa upande wake.

Dawa mseto ya malaria, ALu, inaonyesha jambo hili kwa uchungu zaidi. Dozi yake ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, na zinazofuata humezwa asubuhi na jioni hadi zitimie dozi 6 kwa siku 3. Mhudumu husema: "Mpe dozi ya pili baada ya saa nane." Mwalimu wa sarufi hataona kosa hapo. Ila mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa 4 asubuhi anaweza kusikia kwamba ya pili ni pale saa nane mchana itakapopita, yaani muda wa saa nne tu tangu ile ya kwanza. Watu wa mitaani wamejiokoa kwa kusema "masaa nane" wanapokusudia muda, na wapenda usanifu wakawakemea. Kwenye dirisha la dawa, yamkini watu wa mitaani ndio wenye hoja. Hata hivyo, iliyo salama kuliko zote ni sentensi inayomhusu mtoto huyohuyo: "Mama, mtoto amemeza sasa, saa nne asubuhi. Mpe tena leo saa kumi na mbili jioni, akiwa amekula. Kesho na keshokutwa, asubuhi na jioni." Sentensi hiyo haina neno hata moja gumu, na imebeba maana yote ya mwongozo.

Maneno yaliyohama kutoka lugha moja kwenda nyingine huleta mtego wa namna yake, kwa kuwa pande zote mbili hudhani zimeelewana. Mwaka 1980, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Jamaa zake, wasemaji wa Kihispania cha Kuba, walitumia neno "intoxicado", ambalo kwao ni mtu aliyedhurika na kitu alichokula au kunywa. Wahudumu walisikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakamtibu kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ndani ya ubongo. Kijana alipooza mikono na miguu, na madai yakaisha kwa fidia ya mamilioni ya dola. Neno lilikuwa na fasili kila upande. Hakuna aliyeomba sentensi: amekula nini, lini, na maumivu yalianzia wapi?

Afrika Mashariki ina "presha". Limetoka katika "pressure", na mitaani hubeba shinikizo la damu, wasiwasi, hofu na hasira kwa mpigo. Mtu anayeambiwa kliniki kwamba ana presha, naye akajua kwamba presha humpanda anapogombana na wapangaji wenzake, ana sababu ya kumeza vidonge siku za ugomvi na kuviweka kabatini siku za amani. "Hypertension" halimsaidii, kwani hata Waingereza hutumia "tension" kwa mfadhaiko. "Shinikizo la damu" ni istilahi sahihi, lakini nayo ni istilahi. Kinachokosekana ni kumwambia kwamba damu yake inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi hata akiwa amelala na hana wazo lolote, kwamba mara nyingi hatahisi kitu, na kwamba ndiyo maana vidonge humezwa kila siku.

Wapo watakaosema kwamba tiba ya haya yote ni kufundisha udaktari na uuguzi kwa Kiswahili. Hoja hiyo ina uzito, na kazi ya istilahi haijalala: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na maneno kama unyanyapaa, ufuasi wa dawa na tiba shufaa yamekwisha kuingia katika huduma. Lakini hata mihadhara yote ikitolewa kwa Kiswahili, makala za utafiti na vijikaratasi vinavyokaa ndani ya maboksi ya dawa vitaendelea kuja kwa wingi kwa Kiingereza, na lazima awepo wa kuvisoma bila kubahatisha. Tena orodha ya istilahi za Kiswahili ikikaririwa kwa fasili tupu italeta matatizo yaleyale. Mgonjwa anayeambiwa "zingatia ufuasi" hajaelezwa zaidi ya yule aliyeambiwa "adherence".

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la muda. Mwanafunzi mwenye mamia ya maneno ya kujifunza, zamu za usiku na mitihani hawezi kulitungia kila neno sentensi mbili. Ni kweli, na wala haihitajiki. Maneno ya jamii ya "cholecystectomy" yaachwe na mstari wao mmoja. Sentensi ziwekewe yale yanayobadilika kufuatana na mahali, na hayo si mengi kama yanavyodhaniwa. Orodha ya msamiati wa kitaaluma aliyoichapisha Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000, kwa taaluma zote za chuo kikuu, ina koo za maneno 570 tu. Anayejifunza maneno mawili kwa siku huimaliza kabla mwaka haujaisha.

Ubora wa sentensi, hata hivyo, usiachwe kwa bahati. Kuna sentensi za mfano zisizofundisha kitu. Kuandika kwamba mgonjwa alikuwa "lethargic" asubuhi ni kulipa neno kiti bila kazi; mahali pake lingeweza kukaa neno lolote, hata mwenye furaha. Kipimo chepesi ni kulifunika neno kwa kidole: kama msomaji anaweza kukaribia kulibahatisha kwa kutazama yaliyobaki, sentensi inafaa. Nyingi za namna hiyo hupatikana katika raundi ya wodi, pale daktari anapolitamka neno huku mgonjwa mwenyewe akionekana. Ziandikwe hapohapo, bila jina la mgonjwa wala namba ya faili.

Mgonjwa naye ana haki katika jambo hili, ingawa wengi huona haya kuitumia. Akisikia neno la kigeni, au neno la Kiswahili lisilomwingia, anaweza kuuliza: "Muuguzi, hilo kwangu maana yake nifanye nini?" Swali hilo si utovu wa adabu. Na mhudumu anaweza kulitangulia kwa kumwomba arudie, kwa maneno yake mwenyewe, atakavyomeza dawa akifika nyumbani. Majibu mara nyingine hushangaza, na ni afadhali yashangaze pale dirishani kuliko usiku wa manane.

Yote haya yatabaki nasaha mpaka mitihani ibadilike, kwa maana mwanafunzi husoma kile anachopimwa. Swali linalosema "fafanua neno lifuatalo" limezalisha daftari la safu mbili, na litaendelea kulizalisha. Vyuo vya afya vinaweza kuanza na mabadiliko madogo yasiyogharimu kitabu kipya wala mwalimu wa ziada: neno moja, alama tatu. Ya kwanza kwa fasili. Ya pili kwa sentensi ya Kiingereza kama ingeandikwa katika faili la mgonjwa. Ya tatu kwa sentensi ya Kiswahili ambayo mama aliyembeba mtoto mgongoni anaweza kuisikia mara moja na kuitekeleza jioni hiyohiyo.